Kikwembe Kisichobatizwa

Mwezi uliopita Nsimire alirudi Bukavu kutoka Kinshasa, na alipoingia uani kwangu, hapa Kadutu, hakubisha hodi wala hakusalimu. Alisimama kwenye ngazi, mfuko mkononi, akanitazama nilivyoinama juu ya beseni la nguo za wajukuu, kisha akasema, "Faida, mpaka leo unafula tu?" Mbele yangu alikuwa mama mnene mwenye miwani na mvi. Kwa uso nisingemtambua, nilimtambua kwa ile dharau yake. Nikamjibu, "Na weye mpaka leo unaingia kwa batu bila kusema jambo?" Tukakumbatiana povu likiwa limenifika kwenye viwiko, nikamlowesha blauzi yake nzuri ya mjini, wala hakujali. Alikuwa amekuja kuona kaburi la dada yake Espérance, kwa sababu siku ya mazishi hakupata namna ya kufika. Tulikaa jikoni tukiongea mpaka sambaza, vile visamaki vya ziwani, zikaungua kwenye sufuria, tukazila hivyohivyo. Akanieleza kwamba kwa binti yake kule Kinshasa kuna mashine ya kufulia, na kuna vikaratasi unavitumbukiza ndani vinakamata rangi inayotoka kwenye nguo. Nikamwambia sawa, lakini vikaratasi hivyo vingetufaa nini mwaka ule? Tulijua wote wawili ni mwaka gani.

Habari za nyumbani kwetu nitaziruka, hazikuwa na la ajabu. Mwaka wenyewe, nikiwa na miaka kumi na tisa, niliuishi karibu wote ndani ya chumba kimoja nyuma ya parokia, chumba kirefu cha sakafu ya simenti, chenye harufu ya mafuta ya cherehani na pasi ya makala, makaa ya miti. Wamama walishona humo kile tulichokiita kuvreli, yaani kitandiko kikubwa cha kitanda kilichoungwa kwa vipande vya vikwembe, vitenge vyetu, na chini yake blanketi kuukuu ili kiwe kizito na chenye joto, maana Bukavu ina baridi na mtu asikudanganye. Mkubwa wetu alikuwa Maman Léocadie, mfupi, mpana, mkali, na mwenye mkono mwepesi wa kugawa chakula. Saa sita alifunua sufuria ya maharagi na ndizi, na hapo ndipo maneno yote ya mji yalipopita mbele yetu: nani ameachwa, nani amerudishwa, padri gani anahubiri mpaka watoto wanalala. Mimi na Nsimire tulikuwa wadogo kuliko wote pale ndani, kwa hiyo tulikula polepole ili tusifukuzwe mezani kabla habari haijafika mwisho.

Maman Léocadie alikuwa na sheria moja aliyoishika kuliko amri za Mungu: hakuna kitambaa kipya kitakachoguswa na mkasi kabla ya kubatizwa. Kubatiza lilikuwa neno letu. Ulichukua kikwembe kipya, ukakizamisha ndani ya maji ya moto yenye sabuni nyingi, pamoja na kitambaa kidogo cheupe, ukakiacha humo saa nzima huku ukikigeuza. Kitambaa cheupe kikitoka na rangi, ulimwaga maji na kuanza tena. Kikitoka cheupe, basi kikwembe kimekuwa mkristo, kinaweza kukaa na wenzake. Nyekundu ndiyo iliyotusumbua zaidi, na buluu nzito. Wanunuzi waliokuja walimfundisha kazi: weka chumvi, maman, weka ndimu, weka siki, rangi itakamata. "Chumvi ni ya sambaza," alijibu bila kuinua kichwa. "Rangi yenye inataka kutoka, itatoka. Tuiache itoke sasa, mbele haijapata jirani." Kazi hiyo ya kubatiza ilikuwa yetu sisi wawili, na mikono yetu ilibabuka kwa sabuni hata vijana walituamkia kwa mbali. Nilikuwa nikilalamika kila siku. Sasa nafikiri sijawahi kuwa na kazi niliyoielewa vizuri kama ile.

Katikati ya mvua za mwaka ule mama yake Nsimire alifariki. Waliobaki nyumbani ni baba yao mzee na Nsimire, kwa sababu Espérance, mkubwa, alikuwa ameshaondoka zamani. Alifuata mwanaume mmoja mfanyabiashara, akaenda kuishi naye Nguba kwenye nyumba ya matofali karibu na ziwa, bila mahari, bila padri, bila hata kuaga. Tangu siku ile muzee hakutamka jina lake. Mama naye hakuwahi kukanyaga Nguba. Kwenye msiba Espérance alikuja, akakaa na wageni kwenye viti vya kukodi, akalia kama mgeni, akarudi kwake. Nilimwona nikamwonea huruma, na nikaona pia kwamba hakuna aliyempelekea hata kikombe cha chai.

Sasa kwetu, mwanamke hahesabiwi kwa vikwembe anavyovaa tu, anahesabiwa pia kwa vile asivyovaa. Kikwembe kipya chenye karatasi ya kiwanda bado imebandikwa anakikunja, anakiweka chini kabisa ya sanduku, akingoja siku kubwa. Hakifui hata mara moja, maana kikishapita majini kimekuwa cha zamani. Watu wa nje wanacheka wakisikia hivi, na wacheke. Kilio kinapokaribia kutoshwa, yaani siku ile familia inapovua nyeusi na kurudi kwenye rangi, shangazi anafungua sanduku la marehemu na kugawa. Walipofungua la mama yao, harufu yake ilijaa chumba kizima: naftalini, sabuni ya mawe, na kitu kingine ambacho kilikuwa yeye mwenyewe. Nsimire aliingiza kichwa ndani ya sanduku akakaa hivyo. Alipokitoa, akasema hataki vigawanywe. Anataka kukata kipande kwa kila kikwembe, na gauni jeupe la ndoa ya mama liwe katikati, ashone kuvreli moja. Espérance, aliyekuwa ameitwa kuchukua fungu lake, akasimama. "Unapitisha mukasi mu bikwembe ya mama? Weye uko na kichwa kweli? Ukiharibu, utatupatia mama mwingine?" Shangazi naye akaanza kupiga mikono. Ndipo muzee akasema kutoka kwenye kiti chake, bila kumtazama binti yake mkubwa, "Mumuachie Nsimire. Kitanda kimekuwa kikubwa. Mimi niko nasikia baridi." Espérance aliondoka mikono mitupu, na mlangoni akamwambia mdogo wake kwa sauti ya chini ambayo niliisikia, "Ikiharibika, usinitafute tena. Nitakuwa nimefiwa na nyote."

Nsimire alishona kama mtu anayefukuzwa. Vikwembe vya zamani vilikuwa vimefuliwa miaka na miaka, havikuwa na rangi ya kumwaga. Lakini chini ya sanduku kilikuwapo kimoja kipya, chekundu sana, chenye maua madogo meusi na karatasi yake bado juu. Nilipokichukua nikakibatize, alinipokonya. "Hiki hapana." Nikamwambia, "Nsimire, hiki njo kitakuua." Akasema, "Hiki ni Mama mwenyewe alikikunja. Unaona hii mikunjo? Ni mikono yake. Nusa." Nilinusa, na kweli, alikuwa pale. Maman Léocadie alikuja, akasimama na mikono kiunoni, akaitazama ile mikunjo. Ilikuwa mara yangu ya kwanza na ya mwisho kumwona anaiachia sheria yake. Alirudi kwenye cherehani yake, na Nsimire akakikata kile kikwembe kikavu na kukishona kukizunguka kipande cha gauni jeupe, pande zote nne.

Kuvreli ilipokwisha ilikuwa nzuri, sitaki kusema uongo. Lakini vitu vya marehemu havitolewi mbele ya watu bila kufuliwa, hilo kila mtu analijua, na siku ya kutosha kilio ilikuwa Jumamosi. Alhamisi asubuhi Nsimire akaifua nyumbani kwao kwa maji baridi ya mvua na sabuni kidogo tu, kwa upole, ili harufu isiondoke. Akaikamua, akaikunja ndani ya beseni, mvua ikaanza, tukaingia ndani kula. Kulikuwa na bugali ya muhogo na mboga ya sombe, shangazi alikuwa anasimulia habari ndefu ya jirani yake wa kule Walungu na mbuzi, tukacheka, na nguo imelala pale, mbichi, imejikunja, nyekundu juu ya nyeupe. Tulipotoka, Nsimire akaikunjua. Gauni la mama yake lilikuwa limeingiwa na wekundu kutoka pande zote, mabaka mabaka, kama kidonda kilichovuja kwenye bandeji. Hakupiga kelele. Alisema tu, "Yesu wangu," halafu akasema tena, "Yesu wangu, Espérance."

Wakati huo kila mtu ana dawa. Shangazi alikimbilia ndimu. Jirani akapiga kelele juu ya ua kwamba tutie javeli, ile dawa ya kupausha nguo, na nikamwomba Mungu amzibe mdomo, kwa maana javeli ingekula vikwembe vyote na kutuachia wavu. Jua lilikuwa limetoka, Nsimire akaichukua nguo kwenda kuianika juu ya majani, akili imemruka. Hapo ndipo nilipoishika upande wa pili nikaivuta. "Usiikaushe! Ikikauka na rangi ndani, ndio basi!" Tukavutana pale uani kama watoto wanaogombea mkeka, mpaka akaiachia na kukaa chini kwenye matope. Niliitia ndani ya beseni, nikaijaza maji, nikajitwika, tukateremka mbio kwa Maman Léocadie.

Aliishika mara moja tu. "Imekauka?" "Hapana." "Basi Mungu iko." Hakutugombeza, na hilo lilinitisha. Alisema rangi ile haijakaa, imetembelea tu, na kitu cha kufanya ni kuipa nafasi ya kuondoka: maji ya moto, mengi, sabuni mpaka mikono iteleze, na nguo ifunikwe yote bila kona hata moja kuchungulia nje. Kwenye beseni haiwezi, itajikunja na kujipaka upya. "Munatafuta mahali inaweza kulala yote, sawa mutu. Munahitaji benywari." Tukatazamana. Kwetu Kadutu nani alikuwa na benywari, lile beseni refu la kuogea ambalo Wabelgiji waliliacha kwenye nyumba zao? Tuliogea uani kwa kopo. Nsimire aliinamisha kichwa. Alimjua mtu mmoja tu mwenye benywari, na mtu huyo alikuwa Nguba.

Tukashika njia ya Nguba. Beseni nililibeba mimi nusu ya njia, lakini hata yeye mwenyewe ilikuwa kana kwamba namburuta. Leo nikipanda ile barabara kwa moto, yaani pikipiki, dereva anapiga honi na kutukana, bado naweza kuonyesha mahali aliposimama akasema, "Faida, turudi. Afadhali nimwambie muzee imeibiwa." Nami nikamwambia kwamba sitarudi na maji haya kichwani kupanda tena Kadutu, akitaka aibebe yeye. Nilisema kwa ukali kwa sababu nilikuwa naogopa kama yeye. Nilikuwa naona rafiki yangu anakwenda kumpoteza dada yake mbele ya macho yangu, na mimi ndiye niliyekuwa nimebeba sababu yake.

Espérance alifungua mlango mwenyewe, amevaa gauni jeusi. Aliangalia beseni, akainua pembe ya nguo kwa vidole viwili, akaona. Nilingoja matusi. Uso wake ulibadilika, lakini alikuwa hatazami gauni jeupe lililoharibika. Alikuwa anatazama kile chekundu. "Hiki kilikuwa mu sanduku?" "Chini kabisa," Nsimire akajibu, analia. "Yaya, dada yangu, nisamehe, sikukifula, kilikuwa na harufu yake." Espérance akasogea, tukaingia. Benywari yake ilikuwa imejaa maji mpaka juu, maana bomba la mtaa lilikuwa limekauka na yale ndiyo aliyojiwekea. Akakunja mikono ya gauni. "Mulete sufuria zote," akasema. "Faida, washa mbabula."

Nilikaa kwenye korido nikipuliza makala ya lile jiko, nikichota maji ya benywari, nikiyachemsha na kuyarudisha, mpaka mvuke ukajaza chumba cha kuogea na kioo kikapotea. Waliilaza kuvreli ndani, wakaikandamiza kwa sahani za kaure ili isielee, na maji yakaanza kubadilika, kwanza kama chai nyepesi, kisha mekundu kabisa. Mlango haukufungwa vizuri, na mimi kusikiliza nilishazoea tangu mezani kwa Maman Léocadie. Nsimire aliuliza, "Yaya, kile kikwembe unakijua?" Nikasikia sahani ikisukumwa chini majini. Halafu Espérance akasema, "Alikinunua siku niliyomwambia nimepata muchumba. Tulienda wote watatu, na Papa, soko ya Kadutu. Alisema siku ya ndoa yangu atavaa nyekundu ili batu bamuone kutoka mbali, baseme ule njo mama ya bibi harusi." Akavuta pumzi. "Halafu nikaondoka vile niliondoka. Nilifikiri amekiuza. Nilifikiri amekitupa. Kumbe alikuwa anangoja tu." Nami nilikuwa nalia juu ya makala kama mjinga, na ukiniuliza leo nitasema ulikuwa moshi.

Ilipofika saa ya kumwaga maji ya kwanza, niliingia kuvuta kizibo. Espérance akanizuia mkono. "Ngoja." Akafungua fulari nyeupe ya kilio aliyokuwa amejifunga kichwani, akachota beseni moja la yale maji mekundu, akaizamisha humo na kuliweka beseni kando ya mbabula yangu. "Chunga isipoe," akaniambia, na hakueleza zaidi. Sikuhitaji kuelezwa. Tulimwaga yaliyobaki. Maji ya pili hayakuwepo, kwa hiyo Espérance, yule madame wa Nguba aliyekuwa na mtumishi wa kumfungulia geti, alichukua bidoni, dumu la maji, akateremka nasi ziwani kwa ndala, akapanda nayo kichwani, watu wanatazama. Tulibadilisha maji mpaka jioni. Nilitumbukiza kitambaa kidogo cheupe, nikakitoa kina rangi ya waridi, nikamwaga. Nikatumbukiza kingine, kikatoka na kivuli tu. Na mwishowe kikatoka cheupe kabisa. Gauni la ndoa nalo lilikuwa limerudi jeupe, ila pembeni kidogo, mahali ambapo mimi tu ningeweza kupaona.

Tuliitandaza sakafuni juu ya mashuka, tukaikandakanda ikauke haraka bila kukunjwa. Ndipo Nsimire akapiga magoti na kuinusa, hapa, na hapa, na kwenye chekundu. Ilinuka sabuni. Alitafuta pembe zote, mama yake hakuwemo tena, akalia kilio ambacho hakukilia hata makaburini. Hicho kiliniumiza kuliko doa lenyewe. Nimefua nguo za watu maisha yangu yote tangu hapo, imekuwa kazi yangu na nimelea watoto kwayo, na kila mara mtu akiniletea nguo ya marehemu wake namuuliza kwanza kama ameshainusa vya kutosha. Wengine wanashangaa, wengine wanarudi nayo nyumbani. Espérance alikaa sakafuni pembeni ya mdogo wake, miguu imenyooshwa, amechoka, akamwambia, "Lia tu. Lakini muzee iko na baridi. Tumupelekee."

Jumamosi ua wa muzee ulijaa. Watu walivua nyeusi, wakatoka ndani ya nyumba na vikwembe vipya, nyimbo zikaanza, kuvreli ikatandazwa mbele ya wote na shangazi akashika mdomo kwa kuipenda. Nsimire alisimama kando yake, na macho yake yalikuwa kwenye njia. Espérance alifika wa mwisho. Alivaa gauni la buluu, na kichwani alikuwa amefunga ile fulari, sasa ya waridi, imeshika rangi vibaya, hapa nzito, pale hafifu. Alikwenda moja kwa moja kwenye viti vya wageni. Shangazi, ambaye hajawahi kumeza neno, akamwambia mbele ya kila mtu, "Espérance! Siku kubwa sawa hii unavaa fulari yenye imechuja? Hukupata ingine?" Watu wakageuka. Espérance akasimama pale katikati ya ua, akaishika ile fulari. "Haikuharibika, Shangazi," akasema. "Ni ile rangi ya kikwembe Mama alinunua juu ya siku yangu ya ndoa. Siku yangu sikumupatia. Sasa nimeivaa leo."

Muzee alikuwa amekaa kwenye benchi ukutani, fimbo katikati ya magoti. Aliitazama fulari muda mrefu. Yeye ndiye aliyekuwa nao sokoni siku ile, alikuwa amekibeba kile kikwembe kwapani mpaka nyumbani. Kisha akamsukuma kwa kiwiko yule jirani aliyekuwa amekaa karibu naye, akamsogeza, akapangusa ubao kwa kiganja chake.

"Espérance," akasema. "Kuja ukae hapa."